Migongo ya Kadi Sabini na Nane

Mwaka juzi nilikaribia kuzikwa bila kwaya. Sikuwa naumwa. Nilikuwa mzima, nakula ugali wangu wa uwele, napeta alizeti yangu. Lakini kwa umri huu mtu akikutishia kukutenga kanisani hakutishii maisha, anakutishia mazishi. Na chanzo hakikuwa uzinzi wala pombe, mambo ambayo kwa miaka yangu ningeshukuru hata kusingiziwa. Chanzo kilikuwa migongo ya kadi.

Kwetu huku, kati ya Ihanja na Issuna, mtu aliyetengwa haendi meza ya Bwana, hakai na kina mama wenzake kwenye umoja wao, na akifa kabla hajarudishwa kundini anazikwa na ndugu zake tu. Kengele haigongwi. Kwaya inabaki nyumbani inamenya karanga. Niliwahi kuhudhuria mazishi ya namna hiyo, ya mzee mmoja aliyeoa mke wa pili uzeeni. Tulisikia majembe tu na udongo unavyoanguka. Mjukuu wake alijaribu kuanzisha wimbo, sauti ikamkatikia njiani, akabaki anakohoa kana kwamba ndicho alichokusudia. Mimi nimeimba kwenye makaburi ya watu wengi mno. Kuwahesabu siwezi, ila kuwataja naweza, mmoja mmoja, na baba zao, na wimbo tuliowaimbia. Nilijiona nina haki ya kuimbiwa na mimi.

Basi. Nina mjukuu wa kike, mtoto wa binti yangu wa tatu. Alisomea uchoraji chuoni, akamaliza, akarudi nyumbani kama wanavyorudi wote waliosomea vitu vizuri. Alikuja na begi moja, simu iliyopasuka kioo na brashi kumi na moja zimefungwa kwenye kitambaa kama visu vya daktari. Akaniambia amepata mteja Arusha, mama mmoja anayewatazamia watu mambo yao kwa kadi.

"Hizi za kijiweni?" nikamuuliza. "Za wavuta sigara?"

"Hapana, bibi. Hizi ni sabini na nane, na kila moja ina picha yake."

Akanionyesha. Kuna mfalme, kuna malkia, kuna jua lenye uso, kuna mnara unapigwa radi na watu wanaporomoka. Kuna mtu amening'inizwa kwa mguu mmoja na uso wake umetulia tu, kama anasubiri chai. Kuna mifupa imepanda farasi. Mtazamiaji anazichanganya, anazipanga kifudifudi, mtu anachagua zake, zinafunuliwa, halafu anaambiwa maisha yake yalivyo.

"Na watu wanaamini?"

"Wanaamini, bibi. Tena wenye magari makubwa ndio wanaoamini zaidi."

"Basi ni kama huku kwetu," nikasema, "isipokuwa magari."

Mistari myeusi ya zile picha alikwenda kuichapisha Singida mjini, kwenye duka la vifaa vya shule la Mhindi mmoja mzee. Yule mzee alisimama anatazama karatasi ngumu zinavyotoka mashineni, shetani, mifupa, mtu uchi na nyota, akamuuliza mjukuu wangu hizi ni za somo gani. Mjukuu akamjibu, "Maarifa ya jamii." Mzee akatikisa kichwa, akasema mitaala siku hizi inabadilika kila mwaka, akampa bahasha ya kubebea.

Kazi ya kupaka rangi aliifanya kwa mkono, kadi kwa kadi, ameketi barazani na sahani ya maji pembeni. Simba alimpa manjano ya ua la alizeti. Farasi wa ile mifupa alimpa kijivu cha punda wetu, maana farasi hajawahi kumwona. Zilipendeza, siwezi kusema uongo. Ila yule mteja alikuwa na sharti moja kuhusu upande wa pili. Hakutaka migongo ya kawaida yenye vinyota. Alitaka migongo iwe ya kadi zake peke yake, yenye nakshi za Singida, zile za nyungo na vikapu vya bibi zetu, ichorwe kwa mkono. Alisema wateja wake wanapenda kitu chenye asili.

Sasa mjukuu wangu anaweza kukuchorea simba ukakimbia, lakini ungo hajui unaanzia wapi. Akanijia na sauti ile ya kuomba.

"Bibi, nifanyie migongo."

"Mimi nimeishia darasa la nne."

"Mgongo hauna maandishi, bibi."

Akanipa kalamu ya wino, brashi nyembamba kama mkia wa panya, na rangi tatu: nyeusi, ya udongo, na damu ya mzee. Nikachora ungo kama unavyoonekana ukiwa umegeuzwa. Kiini katikati, mizunguko inatoka ndani kwenda nje, meno ya rangi yanafuatana, halafu ukingo. Siku ya kwanza nilimaliza nne, na shingo ikaniuma kana kwamba nimebeba maji. Siku ya tatu nikamaliza kumi. Mkono ulishakumbuka, kumbe kusuka na kuchora ni jamaa, tofauti yake karatasi haikuchomi vidole.

Mjukuu aliniagiza jambo moja tu.

"Migongo yote ifanane, bibi."

"Itafanana."

Na ilifanana kweli, kama ndugu wa tumbo moja wanavyofanana.

Hapa lazima nieleze, maana hapa ndipo kosa lilipolala. Kwetu ukitokea msiba kila mama anakwenda na ungo wake wa unga. Nyungo thelathini, arobaini, zinaegemezwa ukutani jikoni zimegeuza migongo, na watu wakishakula kila mmoja anatakiwa aondoke na wake. Ukiondoka na wa mwenzako, maneno yake hayaishi mpaka utokee msiba mwingine. Kwa hiyo mwanamke akifika ukingoni, pale usukaji unapokomea, anaweka alama yake. Jino moja linarukwa, au vijino viwili vinabanana, au mstari unakatwa katikati. Nilipokuwa msichana mdogo nilisuka ungo nikasahau kuweka alama. Mama akaushika, akauliza, "Huu wa nani?" Nikasema wangu. Akasema, "Nani kasema?" Akaufumua wote mbele yangu.

Na mimi alama za wanawake wa huku ninazo zote kichwani, za walio hai na za waliotangulia, kwa majina yao. Basi nilipofika ukingoni mwa kila kadi, mkono haukukubali kuiacha bila mwenyewe. Nikawa naigeuza, natazama picha, nafikiria inafanana na nani, kisha naiwekea alama ya huyo mtu. Ule mnara wa radi nikampa jirani yangu wa chini, ambaye upepo umemwezua bati mara mbili. Mwanamke anayemfumba simba mdomo nikampa wifi yangu; mumewe anajua kwa nini. Mifupa juu ya farasi ikaenda kwa mama mmoja anayefika misibani kabla ya wafiwa. Mbwa wawili wanaobwekea mwezi wakaenda kwa mke wa mwenyekiti wa wazee wa kanisa, kwa sababu ya nyumba ile ilivyo na kelele. Shetani nilimpa marehemu mama mkwe wangu. Mungu ampumzishe, alama yake ilikaa pale vizuri sana. Na yule mtu mwenye kifurushi begani, anayetembea akitazama mawingu huku ameshafika ukingo wa korongo, nilimwekea alama yangu mwenyewe. Sikujua wakati huo kwamba kadi ile inaitwa Mjinga. Ningejua, nisingeibadilisha.

Mjukuu akazipaka vanishi, zikang'aa. Akazikagua migongo harakaharaka, akanikumbatia, akasema, "Bibi, utadhani za kiwandani!" Ndiyo macho ya siku hizi. Yanaiona simu ikiwaka ng'ambo ya uwanja wa mpira, lakini jino lililorukwa hayalioni.

Siku ya pili yake akaja jirani wa chini, yule wa bati. Mimi nilikuwa uani napeta, mjukuu yuko mkekani anazichanganya kadi aone kama vanishi inagandana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu."

"Nimekuja kuazima chujio."

"Liko pale ukutani."

Hakutazama ukutani. "Hizo ndizo zile?"

"Zipi?"

"Zile ambazo hatuziamini."

Mjukuu akacheka. "Ni picha tu, mama. Nazijaribu."

"Basi zijaribie kwangu," jirani akasema, akakunja kitenge akaketi. "Mimi siamini, kwa hiyo haitakuwa dhambi. Uliza kama yule mwanangu wa Dar anarudi sikukuu, au ndiyo tena mwanamke wake kamkataza."

Mjukuu akazipanga kifudifudi, simu mkononi, maana tafsiri zenyewe alikuwa anazisoma humo. Jirani akagusa ya kwanza. Mimi nikatupa jicho tu, kama unavyotupa jicho kwenye ungo wa mtu.

"Hiyo ni yako wewe," nikasema. "Ya mnara."

Ikafunuliwa. Mnara. Jirani akanitazama. Akagusa nyingine.

"Mwanamke na simba."

Ikafunuliwa. Akagusa ya tatu kwa ncha ya kidole, kama mtu anayepima pasi.

"Mbwa wanabweka."

Hakusubiri ifunuliwe. Aliondoka na kandambili moja, na chujio akaliacha.

"Kimempata nini?" nikauliza.

Mjukuu alikuwa ananitazama vibaya kuliko jirani. "Bibi, umejuaje?"

"Si imeandikwa?"

"Imeandikwa wapi?"

Nikamwonyesha. Hapa jino limerukwa, hapa vijino vimebanana, hapa mstari umekatwa. Akachukua tano, sita, akazipeleka juani, akazirudisha, akaketi chini kama mtu aliyepata simu ya msiba.

"Bibi! Mgongo wa kadi kazi yake ni kuficha!"

"Kuficha nini?"

"Kadi yenyewe!"

"Ili iweje?"

"Ili mtazamiaji asijue ni ipi mpaka aifunue!"

"Lakini huyo mtazamiaji wenu si ndiye anayesema anajua?"

Alikuwa analia. Na mimi nikaona aibu, maana ilikuwa kazi yake ya kwanza yenye mtu kamili anayeisubiri. Nikamwambia ampigie mteja amwambie ukweli, kosa ni la bibi. Akapiga, akaweka sauti kubwa ili na mimi nisikie nikitukanwa.

"Zote zina alama?" mama wa Arusha akauliza.

"Zote, dada. Samahani sana. Kila moja ya kwake."

"Na mteja anayekaa mbele yangu ataziona?"

"Labda awe Mnyaturu kama sisi."

"Basi usifute hata moja," akasema yule mama. "Nitumie zote. Na orodha ya alama uniandikie vizuri, kwa mwandiko mkubwa."

Hivyo ndivyo upande wa Arusha ulivyokwisha, kwa furaha ya kila mtu. Wa kwetu ndio ulikuwa unaanza, maana kadi zilikuwa bado kwangu zinasubiri ile orodha iandikwe.

Jirani alishasema. Kufika Jumatatu asubuhi uani kwangu kulikuwa na wanawake watatu, mmoja anaazima chumvi, mmoja anarudisha chumvi, na wa tatu alisahau kubuni cha kuazima akawa amesimama tu. Jumanne wakawa wengi zaidi. Msikitini nako nasikia jambo lilisemwa vikali siku ya Ijumaa, na Jumamosi yake wa kwao na wa kwetu wakakutana kwenye mkeka wangu, wakasalimiana vizuri kuliko wanavyosalimiana siku za mkutano wa kijiji. Wote hawaamini. Kila mmoja alikuwa anamsindikiza mwenzake.

Mimi niliwaeleza. Nakwambia niliwaeleza mpaka mate yakanikauka, kwamba hizi ni alama za nyungo, tazameni, hii hapa ya fulani. Wakaitikia kwa heshima, "Ndiyo, mama," kama watu wanavyomwitikia mganga anayesema hana dawa. Hakuna aliyeinama kutazama. Aliyekuja kutafuta miujiza ukimwonyesha jino lililorukwa anaona umemnyima. Mjukuu akanikataza kusema kadi kabla haijafunuliwa, nikafunga mdomo, na hiyo ikawa mbaya zaidi, maana sasa mtu akigusa kadi anatazama kwanza uso wangu. Nikikuna pua, analia.

Hata mwenyekiti wa wazee wa kanisa alikuja. Jumatano, saa kumi jioni, amevaa kofia ameishusha mpaka kwenye nyusi, kana kwamba mimi simjui kwa mwendo. Alisema amekuja kumshauri mjukuu wangu kuhusu ujana. Akamshauri kidogo. Katikati ya ushauri akauliza kama kadi hizo zinajishughulisha na wanyama, kwa sababu ana punda wake hajaonekana tangu wiki iliyopita.

Ijumaa yake barua ikaja. Habari ilikuwa imeshafika mpaka mnadani Issuna kwamba kwetu kuna kikongwe anaona kupitia karatasi. Natakiwa kufika mbele ya baraza la wazee, Alhamisi saa tatu asubuhi, kujibu shutuma za kutumia nguvu zisizoeleweka, na nijiandae kwa hatua ya kutengwa. Iliyotia saini ilikuwa kofia ileile.

Nilicheka niliposomewa, halafu mjukuu alipokwenda kisimani nikaacha kucheka. Nikafikiria yale majembe na ule udongo. Nikafikiria sauti ya kwanza wa kwaya yetu, msichana niliyemfundisha mimi mwenyewe kufungua mdomo, anamenya karanga siku ninayoshushwa. Sikula mchana ule.

Alhamisi nikazifunga kadi kwenye kanga, nikaenda. Kwenye chumba cha nyuma ya kanisa walikuwa wazee watano na mchungaji wetu, kijana mdogo, bado ana harufu ya chuo. Akasimama nilipovuka kizingiti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mchungaji."

"Umeamkaje?"

"Salama. Na nyie?"

"Salama, bibi, tunamshukuru Mungu. Karibu kiti. Bibi, unashutumiwa kwa ushirikina."

Nikasema sawa, nikafungua kanga, nikazipanga kadi mezani kifudifudi. Mwenyekiti akaokota moja kwa kitambaa cha jasho asije akaigusa.

"Hii?"

"Malkia mwenye upanga."

Akageuza. Mzee wa pembeni akasema "Ee Yesu" taratibu. Wakajaribu nne, zote nikazitaja, na kila nikitaja nikawa naonyesha alama: jino hili hapa, mstari huu hapa. Wanazitazama, hawazioni. Wanaume hawa wamelelewa na sisi kwa unga, wamekula ugali wa unga uliopetwa kwenye nyungo hizi miaka na miaka, na hawajawahi hata mara moja kugeuza ungo wakaona mgongo wake. Mmoja alikubali kuona jino moja. Alisema huenda shetani ndiye amelirusha.

Ndipo mke wa mwenyekiti akaingia na chupa ya chai na sinia la viazi vitamu. Akatafuta pa kuweka, akatazama meza.

"Mbona mmepanga nyungo za watu humu?"

Akasogea karibu na meza.

"Huu si wa marehemu shangazi?" Akaweka sinia kwenye mapaja ya mzee wa karibu, akainama. "Na huu wa yule Mnyiramba aliyeolewa huku kutoka Ulemo. Anamalizia na msalaba, wenzake wote walimcheka. Huu wa… aa, huu wangu!" Akaidaka, akaigeuza. "Mbwa?"

"Mwezi pia upo," nikasema. "Huo hapo juu."

"Mama. Mbwa?"

"Ni picha tu, mwanangu."

"Mbwa wawili," akasema, safari hii akimtazama mumewe. "Mmoja ni nani?"

Mchungaji akameza chai ya moto akaungua. Akasema, kwa maoni yake, suala la nguvu zisizoeleweka limeeleweka. Nikaanza kukusanya kadi zangu. Lakini mwenyekiti hakuwa mtu wa kuachia. Akasema hata kama hakuna nguvu, bado nimetengeneza vyombo vya ramli na kuruhusu waumini wakusanyike uani kwangu, na ili iwe fundisho anapendekeza nitengwe miezi sita. Mchungaji akashika kalamu.

Miezi sita kwa umri wangu si adhabu, ni kamari.

"Nimekubali," nikasema. "Ila tukitenga tutende haki. Tuwatenge wote waliotazamiwa. Nitawataja, mchungaji, wewe andika."

"Una orodha, bibi?"

"Orodha ni za watu wanaosahau. Jumatatu asubuhi, wa kwanza." Nikamtaja jina, na la baba yake, na alichouliza. Alikuwa binti wa mzee wa kwanza kushoto. Jumatatu, wa pili, wa tatu. Wa tatu alikuwa mke wa mzee aliyekuwa ameshika sinia. Jumanne walikuwa tisa. Nilipofika wa sita, mzee mmoja alisema joto limezidi, akaenda kufungua dirisha lililokuwa wazi. "Jumatano," nikasema. "Saa kumi jioni. Mwanamume, amevaa kofia. Yeye aliulizia…"

"Nadhani tumeelewa," mwenyekiti akasema.

"Aliulizia nini?" mchungaji akauliza, kalamu imeinuliwa.

"Punda," nikasema.

"Tumeelewa, mchungaji!"

Tukapatana majina yabaki kichwani mwangu, na ndiyo maana hata humu hamuyaoni. Lakini kitabu cha kumbukumbu za baraza kilikuwa kimeshafunguliwa, na kitabu kikishafunguliwa wanaume hawawezi kukifunga bila kuandika kitu. Wakaandika kwamba nitakaa benchi la nyuma kabisa Jumapili sita, chini ya uangalizi, bila kwaya wala meza ya Bwana.

"Na nikifa katikati?" nikauliza.

Wakatazamana. Hilo hawakulifikiria.

"Bibi," mchungaji akasema, na alikuwa anasema kwa moyo, "jitahidi usife."

Nikajitahidi. Sikuwahi kutembea kwa uangalifu vile hata nilipokuwa na mimba. Nilishika ukuta nikienda bafuni. Wiki ya pili nilipata kikohozi, mjukuu akanichemshia tangawizi mara tano kwa siku, na jirani wa bati akaja kunitazama akiwa na huzuni ya mapema.

Benchi la nyuma liko karibu na mlango, kuku wanapita chini yake. Sikuwa nimewahi kukaa pale. Jumapili ya kwanza niliketi nikatazama mbele, kama mtu yeyote kanisani, na mbele yangu walikuwa wanawake wote wamenipa migongo. Mara nikaona mmoja anavuta kanga kufunika shingo. Mwingine akageuka kunitazama, akageuka tena. Wale walionijia uani hawakutulia hata dakika moja. Walishaamini kwamba mimi mtu nikimwona mgongo namwona na uso, na niliyoyasema kwenye baraza kuhusu nyungo hayakubadilisha kitu, isipokuwa sasa waliogopa zaidi kwa kuwa nimeachiwa.

Jumapili ya pili sita wakaja kukaa benchi langu. Wakasema huku kuna hewa. Jumapili ya tatu mabenchi ya nyuma yakajaa mpaka wengine wakasimama mlangoni, na mke wa mwenyekiti akajisogeza pembeni yangu akaninong'oneza, "Bado hajasema yeye ni mbwa yupi." Jumapili ya nne mabenchi manne ya mbele yalikuwa matupu kabisa, isipokuwa mwenyekiti, kwa wadhifa wake, ambaye alikaa upande upande ili mgongo wake uelekee ukutani. Mchungaji alihubiri kwa kupiga kelele kama anayeita mtu ng'ambo ya mto. Sadaka ilipozungushwa, sahani ilisafiri safari ndefu kabla ya kukuta mtu.

Jumanne yake mwenyekiti akaja kwangu mchana kweupe, bila kofia, kitabu cha baraza kwapani. Punda wake alishapatikana; alikuwa kwa shemeji yake muda wote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu."

"Mama, baraza limeiona toba yako."

"Limeionea wapi? Mimi sijaanza kutubu."

"Limeiona."

"Na Jumapili ni nne. Mliandika sita. Mimi sitaki kuvunja kitabu."

"Mama, rudi mbele." Akafuta jasho. "Tafadhali. Watu watakufuata."

Nikamwacha akae kidogo na maneno yake. Alizeti ilikuwa bado ina makapi, nikapeta mara mbili tatu. Halafu nikamwambia nitarudi, ila leo hii hii aandike mbele yangu kwamba nimo kundini, na kwamba nikifa, siku yoyote ile, hata iwe kesho, kengele itagongwa na kwaya itaimba. Akasema jambo hilo halina haja ya kuandikwa. Nikamwambia la miezi sita nalo halikuwa na haja, na lilikuwa limeshafika kwenye kalamu.

Akafungua kitabu kwenye goti, akaandika. Nikamwambia asome kwa sauti. Akasoma. Kengele ilikuwepo, kundi lilikuwepo.

"Ongeza," nikasema. "Kwaya yote. Si sauti ya kwanza peke yake."

Akaongeza.